Shaba Inayolia: Habari ya Kleroni na Fanfari katika Inchi ya Katanga



Katika maparokia yetu kuna kitu kimoja ambacho kila mutu anakijua na ambacho watu wachache sana wameandika habari yake: ni fanfari. Siku ya maandamano ya Ekaristi inatangulia mbele. Siku ya kupokea Askofu iko mulangoni. Siku ya musiba inasindikiza jeneza mpaka makaburini, na watoto wa mutaa wanaifuata kana kwamba ni siku ya arusi. Kisha milio inanyamaza, vyombo vinarudishwa katika depo, na hakuna anayeuliza: Vyombo hivi vilitoka wapi? Nani alifundisha wazee wetu kuvipiga? Na kwa sababu gani wakubwa wa zamani walivipenda katika mikono ya watu fulani na kuviogopa katika mikono ya wengine?

Maswali haya si ya kupitisha wakati tu. Mara nyingi tunasikia vijana waliosoma wakisema: «Fanfari ni kitu cha wazungu, ngoma ndiyo yetu.» Na wazee wengine wanajibu: «Fanfari ndiyo heshima, ngoma ni ya kijijini.» Wote wawili wanasema bila kuchunguza. Basi tuchunguze pamoja. Tutaanza hapa karibu, Naviundu, pembeni ya muji wetu wa Lubumbashi. Kisha tutakwenda mbali mpaka pwani, na mwishowe tutarudi kwetu.

I. SHABA YA NAVIUNDU

Kleroni, tarumbeta, trombone, bugle na tuba, vyote vinafanywa kwa shaba ya manjano. Shaba ya manjano si madini yanayochimbwa hivyo katika udongo: ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zenki. Kwa kawaida, katika kila kilo kumi za shaba ya manjano, kilo saba hivi ni shaba nyekundu na tatu ni zenki. Sasa, mutu wa Katanga afikiri kidogo. Shaba nyekundu ndiyo utajiri wa inchi yake. Zenki ilichimbwa pamoja na shaba katika mugodi wa Kipushi, ambao uko karibu sana na Lubumbashi. Kwa hiyo mwili wa tarumbeta, sehemu zake zote mbili, unalala chini ya miguu yetu.

Na kazi ya shaba haikuanza na wazungu. Wataalamu wa mambo ya kale Anciaux de Faveaux na Pierre de Maret walichunguza mabaki ya kazi ya kuyeyusha shaba kule Naviundu, na katika mwaka 1984 wakatangaza umri wake: karne ya 4 nyuma ya kuzaliwa kwa Kristu. Tuweke jambo hili moyoni. Mutakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354. Katika karne ile ile ambamo mwana wa Monika alikuwa akisoma kule Afrika ya kaskazini, huku kwetu mutu fulani, ambaye jina lake limepotea, alikuwa akichochea moto wa makaa na kuangalia jiwe la kijani likigeuka maji mekundu.

Kazi yenyewe ilifanywa namna gani? Wazee waliiendesha katika wakati wa kiangazi. Walichimba malakiti, yaani lile jiwe la kijani lenye shaba. Walijenga tanuri la udongo. Walipanga jiwe na makaa. Kisha walivuta mvukuto bila kupumzika mpaka shaba ikashuka. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mubenedikto aliyeongoza Kanisa katika Katanga tangu mwaka 1910, aliandika juu yao katika mwaka 1926. Makala yake inaitwa kwa jina ambalo watu wenyewe walijulikana nalo: «walaji wa shaba».

Shaba ile ilifanywa nini? Ilifanywa waya, vikuku na risasi. Na zaidi ilifanywa misalaba midogo iliyotumika kama feza. Misalaba hiyo ilikutwa hata katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, mbali na migodi. Katika karne ya 19 Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi na kukaa Bunkeya, alitia nguvu biashara hiyo mpaka pwani zote mbili zikajua jina la Katanga. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na nyuma yake shaba ikaanza kuhesabiwa na wengine.

Mutu atauliza: Je, Waafrika waliwahi kupiga baragumu ya shaba mbele ya wazungu kuwafundisha? Ndiyo. Katika kisiwa cha Lamu, pwani ya Kenya, kuna siwa, baragumu kubwa ya shaba ambayo inapulizwa kwa tundu la ubavuni. Ndugu yake ni siwa ya Pate, ambayo imefanywa kwa pembe za ndovu. Zilipigwa kwa arusi za watu wakubwa na kwa kusimika watawala. Leo zote mbili zinalindwa katika jumba la makumbusho la Lamu. Basi yule anayesema kwamba kupuliza shaba ni jambo geni katika Afrika, aende kwanza aone siwa.

II. KLERONI INALIA NAMNA GANI

Mbele ya kuendelea na habari, inafaa tujue chombo chenyewe. Kleroni ni bomba moja la shaba lililokunjwa. Upande mumoja kuna kidomo cha kupulizia, upande mwingine bomba linafunguka kama kengele. Haina matundu ya vidole, haina pistoni. Mutu anayepuliza tu kama anayezima taa hatapata kitu: pumzi inapita bure. Inafaa abane midomo na kuitetemesha. Mutetemo ule wa midomo ndio unaoamsha hewa iliyo ndani ya bomba.

Lakini bomba lenye urefu mumoja halitoi kila noti. Linatoa zile tu zinazokubaliana na urefu wake. Mupiga kleroni wa kawaida ana noti tano: do, sol, do ya juu, mi, sol. Kwa kupanda anakaza midomo, kwa kushuka anailegeza. Kwa noti hizo tano majeshi ya dunia yaliamsha watu, yaliwaita kula, yaliwapeleka vitani na kuwalaza. Kwa sababu kleroni moja ni maskini wa noti, inahitaji wenzake na inahitaji ngoma. Hapo ndipo kilipozaliwa kikosi cha ngoma na kleroni: ngoma inashika mwendo wa miguu, kleroni zinatoa sauti juu yake.

Pistoni zilikuja nyuma. Kati ya mwaka 1814 na 1818, katika Ujerumani, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata njia ya kuongeza urefu wa bomba kwa kubonyeza kidole. Mara ile chombo cha shaba kikaweza kuimba wimbo muzima. Katika miaka ya 1840 Adolphe Sax alipanga jamaa nzima ya vyombo vya pistoni, kuanzia vidogo vyenye sauti ya juu mpaka vikubwa vya besi, vinavyoitwa saksoni kwa jina lake. Huyu Sax alizaliwa Ubelgiji, katika muji wa Dinant, mwaka 1814. Na Dinant tangu karne nyingi ulikuwa muji wa wafua shaba. Hata katika Kifaransa vyombo vya shaba vya nyumbani vinaitwa kwa jina la muji huo. Kumbe Wabelgiji nao walikuwa na «walaji wa shaba» wao.

Jambo hili linatusaidia kuelewa wamisionari. Wengi walitoka katika vijiji vya Flandria na Walonia ambamo kila parokia ilikuwa na fanfari yake. Kwa mutu wa namna hiyo sikukuu bila shaba ni kama chakula bila chumvi. Alipofika Katanga hakuleta fanfari kwa kutaka kututawala kwa mulio. Aliileta kwa sababu alikuwa na hamu ya kwao. Ni vizuri kukumbuka hivyo, kusudi tusimuhukumu vibaya. Lakini ni vizuri vile vile kukumbuka kwamba mwenye hamu ya kwao mara nyingine hasikii vema milio ya nyumba aliyoingia.

III. KUTOKA BAGAMOYO MPAKA MBENI

Katika Afrika ya mashariki fanfari ya misioni ilitangulia ukoloni. Wamisionari wa Roho Mutakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 na kujenga pale kimbilio la watoto waliokombolewa katika utumwa. Stanley alipopita mwaka 1871, wakati wa kumutafuta Livingstone, aliwasikia vijana wa misioni wakipiga vyombo vya shaba, akashangaa sana na kuandika habari hiyo katika kitabu chake. Tuangalie vema watoto hawa walikuwa nani. Walikuwa watu walionunuliwa na kuuzwa. Walikuwa wamepoteza kijiji, ukoo, na wengine hata lugha. Wakapewa bomba la shaba, wakafundishwa kupuliza pamoja. Kwao fanfari haikuwa pambo: ilikuwa kabila jipya.

Kisha watu wa pwani wakaichukua kazi hiyo wenyewe. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, katika Mombasa na Lamu, ilitokea ngoma mupya iliyoitwa Beni, kutoka neno la Kiingereza la bendi. Vijana walijigawa pande mbili za mashindano. Walivaa mavazi ya kijeshi, walijipa vyeo vya kifalme na vya jeshi la maji, wakapiga tarumbeta na ngoma kubwa, na nyimbo zao zilikuwa za Kiswahili. Wageni walicheka na kusema: «Wanatuiga.» Lakini anayeiga tu habadilishi kitu, na hawa walibadilisha karibu kila kitu. Walichukua mavazi na vyombo. Maneno, mashindano, karamu na vichekesho vilikuwa vyao.

Katika Tanganyika Beni iligawanyika katika vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Halafu ikaja Vita Kuu ya 1914–1918. Majeshi yote yalijaa askari na wapagazi waliotoka pande zote, na Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pamoja. Askari wa Force Publique, jeshi lililoundwa mwaka 1885 na Serikali ya Leopold II, waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Kleroni walikuwa wakiijua tangu kambini. Ndiyo iliyowaamsha kila asubui. Sasa waliiona pia katika michezo ya watu wa kawaida. Vita ilipokwisha, watu walirudi kwao, na Beni ikarudi pamoja nao. Ilifika Nyasaland, ikafika Rodezia ya Kaskazini, ikafika Katanga. Huku kwetu ilijulikana kama Mbeni.

Hapa inafaa tusimame kidogo na kuangalia ngambo ya bahari. Mwaka 1919 askari wa Marekani waliorudi kutoka vita ile ile walianzisha chama chao, American Legion. Katika matawi yake walichukua kleroni na ngoma za jeshi wakaunda vikosi vya kuandamana na kushindana, na watoto wao wakawafuata. Vikosi hivyo vilikua. Mwaka 1972 vilipata chama kikubwa cha kusimamia mashindano yao. Kwa miaka mingi vilishikilia kleroni, vikaongeza pistoni moja moja, na tangu mwaka 2000 kanuni zao zinaruhusu vyombo vya shaba vya kila sauti. Leo vijana wengi wanaona ni heshima kubwa kukubaliwa ndani.

Basi tulinganishe. Vita ni moja, wakati ni mumoja, chombo ni kimoja, na mawazo ya watu ni mamoja: askari waliotoka katika mauti walitaka kuendelea kutembea pamoja kwa mulio mumoja. Kule walipigiwa makofi. Huku waliandikiwa ripoti.

IV. MBENI KATIKA ELISABETHVILLE

Muji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910. Reli kutoka kusini ilifika mwezi wa Septemba wa mwaka huo; tanuri la Union Minière lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Watu walikuja kutoka pande zote: kutoka Kasai, kutoka Luapula, kutoka Rodezia na Nyasaland. Wengi walikuwa vijana bila wazazi karibu. Mutu akifa kampini, nani atamuzika? Mutu akigonjwa, nani atamupelekea chakula? Mupagazi wa jana alikuwa leo mutu wa namba.

Katika hali hiyo Mbeni ilikuwa zaidi ya muchezo. Wanachama walichanga feza, walitembelea wagonjwa, walizika wenzao kwa heshima, walipatanisha wenye ugomvi. «Mufalme» wao na «daktari» wao hawakuwa wa kuchekesha tu: walikuwa wakubwa waliochaguliwa na watu wenyewe, katika muji ambamo mutu mweusi hakuchagua mukubwa wake mahali pengine po pote.

Kwa sababu hiyo waliogopwa. Serikali iliona vyeo, mavazi ya kijeshi na barua zinazokwenda kutoka muji mumoja mpaka mwingine, ikadhani kuna siri. Wamisionari nao, katika majimbo mengi ya Afrika ya mashariki na ya kati, walikataza wakristu wao kuingia. Si kila sababu yao ilikuwa mbaya. Kulikuwa na pombe, kulikuwa na usiku, kulikuwa na feza zilizoliwa kwa mashindano ya mavazi. Padri anayechunga kundi hawezi kufumba macho. Tena mwaka 1935, wakati wa mugomo wa migodi katika Rodezia ya Kaskazini, ilionekana kwamba vyama vya Mbeni vilikuwa njia mumoja ya kupelekeana habari. Kule Luanshya polisi walipiga risasi tarehe 29 Mei, na watu sita walikufa. Nyuma ya siku ile woga wa wakubwa uliongezeka.

Lakini tuulize swali ambalo muchungaji anapaswa kuuliza: walipokataza Mbeni, nani aliwazika maskini kwa heshima ile ile? Katika mahali pengine misioni ilijibu vizuri kwa kuanzisha vyama vyake, skauti na michezo. Wasalesiani, waliofika Katanga mwaka 1911, walikuwa na urizi wa Don Bosco, ambaye katika Oratorio yake ya Torino alilea vijana kwa muziki na kwa fanfari. Mahali pengine lilibaki katazo peke yake, na katazo peke yake halimuziki mutu.

Watu hawakuacha. Vyombo vya shaba vilikuwa vya bei kali, na pengine havikupatikana. Katika Nyasaland vijana walitoboa vibuyu, wakafunika tundu kwa ngozi nyembamba, wakaimba ndani yake mpaka vikalia kama tarumbeta. Ngoma hiyo inaitwa malipenga. Katika Rodezia ilizaliwa kalela. Mutaalamu J. Clyde Mitchell aliiona Luanshya katika mwaka 1951 na kuandika juu yake kitabu kilichotoka mwaka 1956. Wachezaji walikuwa na mavazi safi, walikuwa na «mufalme» na «daktari», lakini badala ya shaba walikuwa na ngoma kubwa zilizofanywa kwa mapipa ya mafuta. Kwa hiyo wale wanaotenga ngoma na tarumbeta kama maji na moto, wafikiri tena. Katika historia yetu tarumbeta ilipokosekana, ngoma ilichukua kazi yake.

V. SHERIA YA KANISA

Wasomaji wetu waseminari watapenda kujua Kanisa lilisema nini. Baba Mutakatifu Pio X, katika barua yake ya tarehe 22 Novemba 1903 juu ya muziki mutakatifu, alikataza kabisa fanfari kupiga ndani ya kanisa. Inje, katika maandamano, Askofu aliweza kuipa ruhusa, mradi isipige nyimbo za kidunia. Na katika barua ile ile alikataza ngoma na vyombo vingine vya kelele.

Tuone vema maana yake. Kwa sheria ya 1903, ngoma na fanfari zilikuwa zinakaa juu ya benchi moja, inje ya mulango. Yule muzee anayesema kwamba fanfari ni ya Kanisa na ngoma ni ya kipagani, hana sheria ya kumusaidia. Ni desturi tu iliyopokea moja mapema na nyingine kwa kuchelewa. Tena tusome Kitabu cha Hesabu, sura ya 10: Musa aliamriwa kufanya tarumbeta mbili za feza iliyofuliwa, kwa kukusanya watu, kwa kuhamisha kambi, kwa vita na kwa sikukuu. Kazi zile nne ni karibu zile zile ambazo ngoma ilifanya katika vijiji vya babu zetu.

Katika Katanga mulango ulifunguliwa pole pole. Katika miaka ya 1930 Dom Anschaire Lamoral, Mubenedikto, aliunda katika Elisabethville waimbaji wa «Musalaba wa Shaba», na jina hilo lilirudisha heshima ya feza ya walaji wa shaba. Katika Kamina, Padri Guido Haazen na waimbaji wake walitoa Missa Luba mwaka 1958, na ngoma zikalia katika Misa. Kisha Mutaguso wa Vatikano wa Pili, tarehe 4 Desemba 1963, ulisema kwamba vyombo vingine, zaidi ya organi, vinaweza kukubaliwa katika ibada, kwa ruhusa ya wakubwa wa Kanisa, kama vinafaa kwa kazi takatifu. Siku ile ngoma na tarumbeta ziliinuka pamoja kutoka benchi yao.

VI. NYUMA YA UHURU

Mwaka 1960 wapiga shaba wa muji wetu waliona mambo makubwa katika wakati mufupi. Tarehe 30 Juni Congo ilipata uhuru, na wimbo wake mupya ulitungwa na Mujesuiti, Simon-Pierre Boka. Tarehe 11 Julai Katanga ilijitenga, na wimbo wake ulitungwa na Joseph Kiwele, mutunga muziki wa Elisabethville, aliyekufa mwaka 1961. Mwezi wa Januari 1963 kujitenga kulikwisha. Mupiga tarumbeta mumoja aliweza hivi, katika miaka mitatu, kusimama mbele ya bendera tatu na kupuliza nyimbo tatu kwa midomo ile ile. Tarumbeta haina bendera: mukono unaoishika ndio unaoipa maana.

Kisha zilikuja taabu za namna nyingine. Mwaka 1972 Serikali ya Mobutu ilikataza vyama vya vijana vya Kanisa. Mwisho wa 1974 ilitwaa mashule yetu, na ikayarudisha mwaka 1977. Union Minière ilikuwa imekwisha kutwaliwa mwaka 1967 na kuwa Gécamines. Kampi zake zilikuwa na mashule, hospitali, mupira na fanfari. Mugodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, na kampuni ikaendelea kuanguka. Katika mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondoka. Pamoja na mushahara ilipotea misaada yote iliyoufuata, na katika hiyo kuna vyombo: bomba lililopasuka lisilotengenezwa, pistoni iliyoshikamana kwa kukosa mafuta.

Hatuwezi kumaliza sehemu hii bila kutaja ndugu zetu Wakimbangisti. Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka 1921, akaletwa katika gereza la Elisabethville, akafa humu tarehe 12 Oktoba 1951, nyuma ya miaka thelathini. Mapadri wengi wa wakati ule waliona ya kwamba habari yake imekwisha. Leo fanfari ya Kanisa lake, yenye mavazi meupe na ya kijani, inajulikana katika Congo nzima. Watu walioogopwa juu ya mikutano yao wameifanya fanfari kuwa alama ya mikutano yao. Historia inapenda kutufundisha hivyo, pole pole na bila kelele.

VII. KAZI INAYOTUNGOJEA

Sasa tufunge mambo haya matatu.

Kwanza: fanfari si ya wazungu peke yao. Shaba yake ni ya udongo wetu. Kuyeyusha shaba ni kazi ya Naviundu tangu karne ya 4. Kupuliza shaba ni kazi ya Lamu mbele ya ukoloni. Na watumwa wa Bagamoyo, askari wa Tabora na wafanyakazi wa Elisabethville waliinunua kwa machozi yao. Tunayo haki ya kuiita yetu. Na kuiita yetu si sababu ya kuzarau ngoma.

Pili: tusihukumu upesi mikutano ya vijana tusiyoielewa. Katika mitaa yetu vipo hata leo vikundi vyenye majina ya ajabu, mavazi ya ajabu na nyimbo zinazotuumiza masikio. Pengine kuna ubaya ndani yake, na muchungaji aukemee. Lakini mbele ya kukataza, aulize kwanza kama walioulizwa juu ya Mbeni wangalipenda kuulizwa: Munazika nani? Munalisha nani? Munakosa nini kwetu, mpaka munakitafuta kule?

Tatu, na hili ni la haraka: tuandike. Wazee waliopiga katika fanfari za misioni na za kampi wanapungua kila mwaka. Wanajua nani alikuwa mwalimu wao, vyombo vilifika kwa njia gani, nyimbo gani zilipigwa kwa musiba na zipi kwa furaha. Mambo hayo hayamo katika vitabu vya wazungu. Padri Stefano Kaoze, wa kwanza katika mapadri wa Congo, alipadirishwa mwaka 1917. Lakini maandiko yake juu ya mawazo ya watu wake yalianza kutoka mwaka 1910, alipokuwa bado museminari. Hakungoja kupewa cheo. Alichukua kalamu. Museminari anayerudi kwao wakati wa likizo, na mukatekista anayekaa na watu kila siku, wanaweza kufanya vile vile. Daftari moja inatosha. Andika jina la muzee, mwaka, chombo, wimbo, mahali. Usimupambe, usimusahihishe.

Kila siku malori yanapita Kasumbalesa yakipeleka shaba yetu inje, na sehemu ndogo yake inaturudia kwa njia ya mbali, ikiwa tarumbeta ambayo parokia inashindwa kununua. Juu ya hiyo hatuna nguvu nyingi, sisi wa seminari. Lakini habari za watu walioipuliza bado haziko katika malori. Ziko Naviundu, ziko Kenya, ziko Ruashi, ziko Kafubu, katika viti vya mbele ya nyumba, wakati wa mangaribi. Twende tukazichukue mbele hazijazikwa.